Mtu wa Majani

Kengele ya mlango ililia Callum akiwa amepiga magoti chini ya meza, akimbembeleza mwanawe Otis ateme jani la mti. Otis alikuwa na miaka miwili, hana suruali, na wala hakuwa na mpango wa kutema. Begani kwa Callum, Edie wa miezi minne alikuwa akicheua maziwa taratibu, kama kibarua anayelipwa kwa siku.

Jani halikumsumbua Callum. Kilichomkosesha raha ni mizani. Wiki iliyopita kliniki walimpima Edie wakakuta hajaongezeka kitu, na leo nesi angekuja nyumbani kumpima tena. Asipoongezeka, Tamsin, mkewe, aliyerudi kazini juzi tu, angeacha kazi arudi kulea, na Launceston nzima ingejua kwamba Callum alipewa watoto wake mwenyewe akashindwa.

Mji wenyewe tayari ulikuwa na shaka naye. Kila akisukuma kigari cha mtoto dukani, lazima mama mmoja amsimamishe: "Leo umeachiwa watoto? Mama yao yuko wapi?" Swali hilo lilimchoma. Jibu alikuwa nalo, kalifanyia mazoezi mbele ya kioo, lakini hajawahi kulitoa. Kila mara alicheka kijinga, akanunua ndizi asizozihitaji, akaenda zake.

Alifungua mlango. Kibarazani alisimama bwana mmoja mnene mwenye ndevu, amevaa buti, majani makavu yamemfika vifundoni.

"Za asubuhi, kaka. Nimekuja..."

"Mtu wa majani," Callum alimkatiza. Aprili ile, msimu wa miti kupukutika huko kwao, majani yalikuwa yamefunika uwanja na kuziba mifereji ya paa, na Tamsin alikuwa ameagiza mtu. "Afadhali umefika. Reki iko nyuma, kando ya banda. Anza uani."

Yule bwana alimtazama. Akayatazama maziwa yanayomtiririka mgongoni, akamtazama na Otis.

"Hayo majani ndiyo yanayokuelemea zaidi?"

"Yananimaliza."

"Basi tuanze nayo. Na usingizi je, unapata?"

"Kidogo," Callum alisema, akafunga mlango. Siku hizi watu wanakuhoji mpaka usingizi wako, alijisemea.

Alisukumia midoli chini ya kochi kwa mguu. Alimfuta Otis uso kwa soksi ya Edie, akamvisha suruali mbele nyuma. Biskuti za dukani alizipanga kwenye sahani, akazivunjavunja pembeni kidogo zionekane amezioka mwenyewe.

Kengele ikalia tena. Safari hii alikuwa mama wa makamo, nywele za mvi zimekatwa fupi, shati la buluu limedariziwa jina kifuani: Maureen. Callum alishusha pumzi. Watu wengine unawajua kazi yao kwa kuwatazama tu.

"Karibu, mama, ingia. Nje baridi."

"Ningeweza kuanzia hukohuko nje, mwanangu."

"Hata kidogo. Chai ipo."

Maureen aliketi, akachukua biskuti, akaangaza macho darini. "Haya. Panavuja wapi?"

Callum alicheka. Alipenda manesi wenye utani. "Kila mahali. Juu na chini. Jana mpaka ndani ya kiatu changu."

"Tangu lini?"

"Tangu azaliwe."

"Aa," Maureen alisema polepole, akanywa chai.

Ile "Aa" ndiyo iliyomponza Callum. Alifungua moyo wote. Alikiri kwamba nepi alishawahi kuifunga kinyume. Alikiri kwamba Otis alikula jani, na kwamba si la kwanza. Alikiri kwamba juzi alijifungia stoo akala keki peke yake, huku watoto wakimlilia mlangoni. Maureen aliitikia kwa kichwa, akaongeza biskuti.

"Naogopa hakui," Callum alisema mwishowe. "Mshike mwenyewe uone."

Akamweka Edie mapajani mwa mgeni. Maureen alimkamata chini ya makwapa, akamnyanyua, akamshusha.

"Mzito huyu."

"Mzito kweli?"

"Nimezaa watatu, na mgongo wangu haujawahi kulalamika hivi."

Callum alikaribia kulia kwa furaha. Palepale alimwandikia Tamsin kwenye simu kwamba nesi amesema mtoto ni mzito. Jibu halikukawia: Tamsin alikuwa ameshaitangazia ofisi nzima.

"Unajitahidi," Maureen alisema. "Mama yao yuko wapi?"

Siku nyingine Callum angecheka kijinga. Lakini leo kifua kilikuwa kimemjaa, na lile jibu la mbele ya kioo lilitoka lote, bila kukwama popote.

"Yuko kazini. Na mimi sijaachiwa watoto, mama. Mimi ni baba yao, hii ndiyo kazi yangu. Watu wakimwona mwanamume na mtoto wanaamua palepale kwamba kapotea njia. Hawaulizi, wanaangalia sura tu. Tuko karne gani?"

"Umesema kweli, mwanangu," Maureen alisema, akipangusa chembe za biskuti. "Hata mimi wananifanyia hivyohivyo kila nyumba ninayokwenda." Alimrudishia Edie, akasimama. "Haya, asante kwa chai. Ngazi niiegemeze upande gani?"

Kabla Callum hajajibu, mlango wa uani ulifunguka. Yule bwana mwenye ndevu aliingia na soksi tu miguuni, akaenda moja kwa moja kwenye bomba la jikoni, akaanza kunawa kwa sabuni mpaka viwikoni.

"Uani kumekwisha, kaka," alisema. "Sasa kama roho imetulia kidogo, nipe binti nimpime."