Koki ya Chini ya Rejeta

Mwanamke alikuwa amelala chali chini ya gari lao, beseni la kufulia ubavuni, akifungua koki ya rejeta ambayo mumewe aliijaza jana yake. Koki ile haifunguki bila kukulowesha. Maji ya kijani yalimtiririkia mpaka kwenye kiwiko, naye alibana meno, akatega sikio. Juu yake, kwenye kitanda cha ndani ya gari, mzee wake alikuwa bado anakoroma.

Alifunga koki, akayamwaga maji kwenye mtaro nyuma ya kituo cha mafuta, akausugua mkono wa gauni lake kwa sabuni, kisha akarudi kuinjika chai kama mtu aliyelala vizuri.

Gari lenyewe ndilo lilikuwa nyumba. Mzee aliendesha malori maisha yake yote, na alipostaafu alinunua gari kuukuu la dizeli, akalitia kitanda, jiko na kabati. Mapazia ya maua aliyachagua binti yao wa pekee. Baba yake alimwita Dereva Mdogo tangu alipokuwa akimpakata na kumshikisha usukani. Walikuwa mbali, wanatembea tu, mkwe wao alipopiga simu kusema binti amelazwa na hali yake si nzuri. Mzee aligeuza gari palepale.

Kulipokucha mzee alifunua boneti, akainama kutazama chupa ya maji ya rejeta.

"Yamepungua tena. Yako chini ya mstari."

"Si uongeze tu tuondoke?" mkewe aliuliza, na jibu alilijua.

"Kuongeza si kutengeneza. Maji hayana miguu, mama. Siondoki mpaka injini ijieleze."

Ndivyo alivyokuwa. Zamani aliona injini ya lori ikifia mlimani kwa sababu dereva alikuwa akiongeza maji bila kuuliza yanakwenda wapi, na tangu hapo haondoi gari asilolielewa. Basi alipapasa mipira yote ya maji, akaizungusha pampu, akachomoa kijiti cha oili kuona kama imegeuka rangi ya maziwa. Hakuna kitu. Jua likapanda. Mwishowe alishindwa, akachanganya maji na dawa ya kijani ya rejeta, akajaza, akatoa upepo uliobaki ndani ya mipira, wakasogea kidogo mpaka giza, ambalo macho yake hayakulipenda tena, likamlazimisha kuegesha. Safari ikawa inatambaa namna hiyo.

Mkewe ndivyo alivyotaka. Simu ilikuwa yake. Mzee hakuwa na ya kwake, alidai moja inatosha kwa kelele za nyumba nzima. Mkwe alipiga mara ya pili siku tatu kabla ya asubuhi ile, mzee akiwa chini ya gari anakaza mpira uliokuwa unavuja kweli. Binti ameaga dunia. Mwanamke aliitikia, akaizima simu, akafungua mdomo amwambie mumewe. Papo hapo mzee akachomoza kichwa, uso umejaa grisi.

"Dereva Mdogo atanicheka," alisema, "nikifika na gari linalokojoa njiani."

Akaufumba mdomo. Kila siku aliyomchelewesha njiani ilikuwa siku moja zaidi ya mzee kuwa baba wa mtu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yeye yake alikuwa anairefusha kwa beseni. Alilia wakati wa kukata vitunguu, na alikata vitunguu vingi kuliko watu wawili wanavyoweza kula.

Mchana wa siku iliyofuata, kwenye kituo kingine cha mafuta, mzee alivuka hadi kwenye lori lililoegeshwa jirani, kuazima simu, kwani ya mkewe aliambiwa haina chaji, ampigie fundi wa mtaa anakoishi binti yao, rafiki yake wa miaka mingi. Namba zake zote alikuwa nazo kichwani. "Nimuulize hili jini linalokunywa maji," alisema.

Alikawia. Aliporudi alisimama bombani, akanawa uso muda mrefu.

"Moshi wa lori lile umeniingia machoni."

"Fundi kasemaje?"

"Kasema tuvumilie."

Kisha akafungua mpira uleule aliousifu asubuhi kuwa mzima, akaupangusa kwa kitambaa taratibu, kama anampangusa mtoto pua, akaurudisha, akaufungua tena. Siku hiyo hawakusogea kabisa. Mkewe alimtazama kupitia dirishani, roho ikamuuma kuona mwanamume anavyokata tamaa.

Jioni mkewe alijificha nyuma ya vyoo, akawasha simu, akampigia mkwe. Mkwe alikuwa na sauti ya mtu asiyelala.

"Mama, hatuwezi kungoja tena. Tunazika kesho jioni. Baba asipomzika mwanawe, hatajisamehe."

Hilo lilimkata maini. Kumficha mzee msiba aliweza. Kumnyima mazishi ya mwanawe, hapana. Gari likiondoka asubuhi na mapema, kabla ya jioni wangekuwa wamefika. Hakuna tena kugusa koki, alijiapia, na aliapa kwa jina la mtoto.

Alfajiri alilala macho wazi, mikono ameibana chini ya mto isije ikamshinda. Beseni lilikuwa jikoni, kavu. Alimsikia mzee akiamka, akiufungua mlango polepole. Anakwenda kunawa, alijua. Akabaki akipanga maneno ya kumwambia wakishaingia barabarani, na kila alipoyapanga yalimponyoka.

Kulipopambazuka alitoka na vikombe viwili vya chai. Mzee alikuwa amesimama mbele ya gari, boneti imefungwa, anatazama barabara. Hakugeuka.

"Maji yamepungua tena, mama," alisema. "Leo hatufiki."

Mwanamke aliitazama boneti, ambayo ilikuwa bado ina umande wa usiku, haijaguswa. Halafu akamtazama mumewe. Mkono wa shati lake ulikuwa umelowa kijani mpaka kwenye kiwiko.