Bi Waltraud Hatoki

Polisi walikwishapita mara tatu na kipaza sauti: bomu la Vita vya Pili vya Dunia limefukuliwa karibu na shule, watu wote watoke kabla ya saa nne.

Nilikuwa mwanafunzi mgeni, niliyekuja kusoma Hannover, Ujerumani, kwa mwaka mmoja tu. Kabla ya kutoka nilibisha kwa jirani yangu mzee, Bi Waltraud. Nilimkuta jikoni akimenya viazi.

"Bibi, twende. Basi la mwisho linatungoja."

"Nenda wewe. Hilo bomu ni rika langu, tunaheshimiana."

"Bibi, huu si mzaha!"

"Siku ile ndege zilipotupiga mabomu, mama alinisukuma handakini," akasema, "akarudi kumchukua mdogo wangu. Mpaka leo namsubiri. Sikimbii tena."

Ganda la kiazi liliteremka refu, jembamba, bila kukatika, mpaka likamgusa magoti.

Nje basi lilipiga honi mara mbili, kisha nikalisikia likiondoka. Mtaa mzima ukanyamaza.

Nikavua koti, nikaketi kando yake.

Ndipo king'ora kikaanza kulia. Bi Waltraud akanikamata mkono, akaniuliza kwa sauti ndogo ya kitoto nisiyoijua, "Mama amefunga mlango?"