Kushoto Hakuna Mtu

Gitaa la nyuzi kumi na mbili lilipasuka kwenye ngazi ya mawe. Duane akalipiga tena, lisije likapona.

"Sasa na wewe ujue kufutwa kukoje!" alimfokea Orrin.

Kuku walikimbia. Watu wa bondeni wakatoka vibandani, nywele hadi mgongoni, bakuli za dengu mkononi. Huku Topanga watu hawapigani. Wanakaa chini, wanashikana mikono, wanaongea mpaka hasira ichoke yenyewe. Duane hakutaka kukaa chini.

Miaka mitano yeye na Orrin wameimba kwenye maiki moja. Wamelala kombi moja, wamevaliana mpaka soksi. Wiki hii santuri yao ya kwanza imetoka, na redio za Los Angeles zimepagawa nayo: eti hakuna kitu kitamu kama hiki, eti fumba macho usikilize. Duane hakuwepo. Alikuwa kwao Bakersfield, anagawa nguo za marehemu mama yake. Leo asubuhi akarudi, akapitia duka la santuri, akavaa hedifoni, akakaa sakafuni kungoja wimbo wa tano. Ule aliomwandikia mama.

Likaja gitaa. Akaja Orrin, anagunaguna kwa nyuma. Basi.

"Nimerudia mara tatu!" Duane alisema, mate yanamruka. "Gitaa lako, miguno yako. Mimi sipo! Yule alikuwa mama yangu, siyo mama yako!"

"Upo, mwanangu," Orrin alisema. Bado alikuwa anatazama vipande vya gitaa. "Nimekaa na fundi mitambo wa studio siku mbili kwa ajili ya wimbo ule tu. Sauti yako yote nimeiweka kushoto kwangu, pale pale unaposimama siku zote."

"Kushoto hakuna mtu!"

"Duane..."

"Hata binti wa dukani ananicheka! 'Kaka, ulivyomwimbia mama yako, umeniliza.' Umeona? Mpaka muuza duka ananidhihaki!"

Corinne, mke wa Orrin, alikuja akasimama kushoto kwa Duane, akamwita. Akamwita tena. Duane hakugeuza hata shingo. Alikuwa na mtu wa kumalizana naye.

"Una kinyongo na mimi, najua. Walipotuita vitani, jeshi lilinirudisha siku ile ile ya kupimwa afya, wewe ukaenda kujificha Kanada miezi saba. Kila siku, 'Duane, uliwaponyokaje? Duane, niambie.' Sikukwambia. Sitakwambia. Ndiyo umelipiza, siyo?"

Mtu mmoja mwenye shanga akasema kwa upole, "Jamani, tupumue kidogo."

"Pumua wewe, mbuzi!"

Hakuna aliyecheka. Orrin aliinama, akaokota shingo ya gitaa, nyuzi zinaning'inia kama utumbo. Lilikuwa la babu yake.

"Kesho tulikuwa tunaanza ziara," alisema. "Miji kumi na minne. Nilitaka kila mji ukusikie ukimwimbia yule mama." Akatia ile shingo ya gitaa kwapani. "Basi. Mimi na wewe basi. Nisikuone tena, wala usinitafute."

Akapanda kombi. Vumbi likafuata barabara mpaka chini kabisa, halafu likatulia.

Corinne hakulia. Alimkamata Duane ukosi, akamburuta ndani, akamsukuma kwenye zulia. Akaweka santuri, akashusha sindano kwenye wimbo wa tano.

"Sikiliza, punda wewe."

"Nimeshasikiliza!"

"Sikiliza!"

Akambandika hedifoni kichwani kwa nguvu, bila kuangalia ipi ya kulia, ipi ya kushoto. Waya ukaning'inia upande usio wake.

Duane akafungua mdomo amtukane.

Ikaingia sauti yake mwenyewe, karibu kama pumzi, inamwita mama kwa jina, neno kwa neno. Ilikuwa yote kwenye sikio la kulia, lile moja lililobaki linasikia tangu akiwa na miaka saba, fataki ya sikukuu ya Nne ya Julai ilipomlipukia shavu la kushoto.