Tabasamu, Afande

"Tabasamu, afande," Daktari Nabifo alisema kwa mara ya pili. Uso wa mpiga tarumbeta haukusogea hata kidogo.

Nabifo akazima mashine. Sindano ilikuwa bado ndani ya uvimbe, mbele ya sikio la kushoto. Uvimbe ule wa tezi ya mate haukuwa saratani, lakini kisu kingeweza kukata mshipa wa fahamu unaoinua mdomo, na mdomo ndio uliomlisha askari huyu katika bendi ya jeshi kule Kimaka, Jinja. Ndiyo maana alikuja Mbale kujiunga na utafiti wa kuchoma uvimbe kwa sindano ya joto, bila kupasuliwa.

Je, joto limeuharibu mshipa huo?

Nabifo alimtazama vizuri pale kitandani. Kidevu juu, macho darini, mikono imenyooka ubavuni, vidole gumba vimelala kwenye mshono wa suruali. Akakumbuka alivyomwambia kabla ya kuanza: "Usitikisike mpaka nikuruhusu." Nabifo mwenyewe alikulia kwenye kambi ya magereza, mkao ule aliujua kwa baba yake, askari magereza.

"Mguu pande," akasema taratibu.

Mabega yalishuka kwanza. Kisha mdomo ukapanuka, kulia na kushoto sawasawa, mpaka pengo la jino likaonekana.

"Samahani, daktari. Nilidhani unanijaribu."

Nabifo akashusha pumzi, akarudisha kidole kwenye kitufe.

"Mguu sawa, afande."

Tabasamu likafutika palepale.