Namba za Mkwe

Fundi alikuna unyayo wa mjukuu wake kwa ncha ya kidole, kile kilichokomazwa na sindano za cherehani, huku jicho likiwa mlangoni. Mtoto alikunja uso, akafumbua macho. Kwenye mashine iliyounganishwa kwa waya na mguu wake wa pili, namba ya oksijeni ilitoka tisini na tatu ikapanda hadi tisini na nane. Sista alipoingia aliikuta huko huko juu.

“Leo yuko macho,” sista alisema.

“Yuko macho,” Fundi alijibu, uso mkavu, moyo ukicheka kwa ndani.

Mtoto alizaliwa kabla ya siku zake. Mama yake, binti wa Fundi, alikuwa wodi nyingine na mshono wake, hajaweza hata kukaa. Kwa hiyo mabibi wawili walipokezana kumlaza kifuani, ngozi kwa ngozi, Fundi asubuhi na mkwewe, mama wa baba wa mtoto, mchana. Jioni hii angechaguliwa mmoja wa kuhamia na mtoto kwenye chumba kidogo mpaka mama apate nguvu. Chumba chenyewe kilikuwa na kitanda kimoja. Fundi hakuona cha kuchagua hapo: aliyelala na mshono ni binti yake, mtoto wa kumtunzia ni nani kama si yeye.

Tatizo lilikuwa Bi Tabasamu. Ndilo jina alilompa mkwewe kimoyomoyo, kwa yale meno yake yasiyojificha hata msibani. Siku ya kwanza, sista alipoeleza mambo ya oksijeni, kupanda kwake na kushuka kwake, Fundi hakusikia hata nusu. Alikuwa anamtazama mwenzake anavyofungua vifungo vya blauzi mbio mbio ili awahi kupewa mtoto. Na kweli akapewa yeye kwanza.

Zaidi ya yote zilimuuma zile namba, alizoamini ndizo zitakazoamua. Kwa Bi Tabasamu oksijeni ilibaki juu. Alimwimbia mtoto, akampapasa mgongo, akamsimulia habari za ukoo, na mtoto akabaki macho kodo, anamtazama tu. Kwa Fundi, aliyekaa tuli bila neno, mtoto alifumba macho mara tu shavu lilipogusa kifua, na namba ikashuka. Alifumba kama mtu asiyetaka kumwona. Hata huyu asiyejua kushoto wala kulia, Fundi alijisemea, ameshachagua upande wa baba yake.

Na jana, wakati wa kupokezana, Bi Tabasamu akamwinamia sikioni.

“Mkwe, kwako anatulia. Unamfanyaje?”

Fundi alikijua kijembe akikisikia. Alijibu bila kumtazama. “Simfanyi kitu. Nakaa kimya.”

Alirudi nyumbani amefura. Lakini asubuhi ya leo, alipokuwa anamfunga mtoto nepi, mtoto aliamka, na mashine ikapanda papo hapo mbele ya macho yake. Fundi akaelewa. Kumbe ni kuwa macho tu. Tangu hapo, kila alipoona kope zinalegea, kidole kilishuka unyayoni. Mtoto alilalamika kwa kisauti chembamba. Fundi alimwomba radhi kimoyomoyo, akaendelea kukuna.

Jioni sista alimwita, wakaenda pamoja hadi kwenye kiti cha Bi Tabasamu. Mtoto alikuwa amelala kifuani pake, mdomo wazi. Mashine ilisoma tisini na tatu. Fundi ilibidi ainame, ajifanye anafunga kiatu, furaha isije ikamsaliti usoni.

“Atahamia bibi mzaa baba,” sista alisema.

Fundi aliinuka polepole. Alinyoosha kidole kwenye mashine, akauliza kama wao hawaioni hiyo namba.

“Tunaiona, bibi. Kwa mtoto huyu haina neno. Akilala hushuka kidogo, akiamka hupanda, niliwaeleza siku ya kwanza. Sisi tulikuwa tunatafuta kifua anachopatia usingizi, maana akilala ndipo anapokua. Mpaka jana kilikuwa chako peke yako. Leo kwako hajalala kabisa.”

Bi Tabasamu hakutabasamu. Aligeuza kichwa kwa uangalifu, asimwamshe mtoto.

“Nilifanya ulivyoniambia, mkwe,” alinong'ona. “Nilikaa kimya.”