Njia ya Kaluki

Chupa B ilikataa kufa.

Kaluki aliiinua dirishani siku ya kumi. Bakteria walikuwa wamejaa tele, rangi ya waridi, wamenona kuliko yeye. Kwa miaka sita ya uzamifu alikuwa ameshindwa kuua kunguni wa hosteli. Sasa ameshindwa hata na viumbe visivyoonekana.

Bakteria hawa hula methanoli, ile pombe inayopofusha watu. Ikiwaingia hugeuka kuwa formaldehaidi, sumu ya kuhifadhia maiti, nao huivunja hatua kwa hatua kabla haijawaua. Wa chupa A walikuwa wazima. Wa chupa B, Kaluki alikuwa ameiharibu njia yao ya kuivunja. Walitakiwa wawe wamekufa kufikia siku ya tatu, naye aitwe daktari. Chuo kilikuwa kimeshamwambia hakuna muhula mwingine.

Mgomo ulikuwa umefunga maabara, kwa hiyo chupa zilikaa Mukuyuni, katika stoo ya nyanya yake, Wayua. Kila mchana Kaluki akienda kufundisha shule ya jirani, nyanya ndiye aliyewatilia kifuniko kimoja cha methanoli. Alikubali shingo upande.

“Susu, leo umewapa?” Kaluki alimuuliza nyanya yake.

“Nimewapa. Na nimewaombea.”

Kaluki alicheka, kisha kicheko kikakatika. Kama hawafi, basi wana njia ya pili ya kuivunja sumu, ambayo dunia haijaijua! Alifungua daftari akaandika: Njia ya Kaluki. Aliona haya kidogo, halafu akaipigia mstari.

Ijumaa Profesa Kihara alifika kutoka Nairobi. Aliitazama chupa B mara tatu, akavua miwani.

“Kaluki, hii itabadilisha vitabu. Nimeshaandikia jarida, na wenzangu wa ng'ambo wanangoja.”

Kaluki aliangua kilio cha furaha, kamasi na yote, mbele ya profesa.

Wayua aliingia na chai, akayaona yale machozi. Aliweka trei chini, akasimama kati ya mjukuu wake na mgeni.

“Prof, usimuangushe huyu mtoto, makosa ni yangu,” alisema. “Hiyo pombe nilimwaga siku ya kwanza. Hii nyumba imeokoka. Hao mimi nawapeanga glukosi.”