Aliyewahi Kuugua

"Nani hapa amewahi kuugua surua?"

Dionisia aliuliza akiwa mlangoni, barakoa imeshuka kidevuni, sauti imemkauka. Wagonjwa kwenye benchi wakatazamana. Kina mama vijana waliochanjwa walikuwa na vichanga migongoni, hao hakuwataka. Wanaume waliangalia mvua.

Nyuma yake, katika chumba cha mwisho cha zahanati, alilala Limi, mtoto wa miaka minne, vipele vimemtapakaa mwili mzima, kifua kinakoroma. Alikuwa akikaa kwa bibi yake ng'ambo ya mto, na mjomba wake ndiye aliyemleta kwa pikipiki asubuhi hiyo. Johari, mama yake, alifika baadaye kwa miguu kutoka kambi ya wafugaji, ana mimba ya miezi minane. Dionisia alimzuia asiingie.

"Mwanangu yumo humo, nesi."

"Najua. Umewahi kuugua surua? Umechanjwa?"

Johari akatikisa kichwa.

"Basi nisikilize, mama. Kirusi cha surua kinaingia kwa pumzi tu. Kikipenya kwenye seli ya mwili kinaiteka, kinailazimisha itengeneze virusi vingine, navyo vinavamia seli za jirani. Mwili una askari wake, lakini surua inaanza na hao hao askari. Aliyeugua akapona, au aliyechanjwa, askari wake wanaikumbuka. Wako hawajawahi kuiona. Ukiingia humo, naweza kuwapoteza watatu."

Johari akakaa chini palepale kwenye matope.

Barabara ya Ruangwa ilikuwa imekatika, na gari la hospitali lisingeweza kupita. Dionisia alikuwa peke yake zahanati nzima, hajalala vizuri tangu mvua zianze. Mtoto alihitaji mtu wa kumnywesha uji kijiko kwa kijiko, kumpoza homa, kumwinua akikohoa.

"Mimi niliugua."

Alikuwa Asmaa, mwanamke wa makamo aliyekuja kusafishwa kidonda cha mguu. Benchi zima likamgeukia. Kila mtu alijua kwamba msimu uliopita ng'ombe wa kina Johari waliingia shambani kwake wakamaliza mbaazi zote, na kesi ilifika kwa mtendaji.

"Lini, mama?" Dionisia aliuliza.

"Utotoni. Nyumba nzima tuliugua." Asmaa alimtazama Johari pale chini, akalitazama na tumbo lake. "Nioneshe pa kunawa."

Dionisia hakuuliza zaidi. Alikuwa amechoka, na jibu lilimfaa.

Asmaa akahamia chumba kile. Johari alikaa nje, mbali na dirisha, akimsemesha mwanawe kwa sauti kubwa, kwa Kisukuma. Pumzi zikimbana mtoto asisikie, Asmaa aliyarudia maneno yale sikioni mwake, akiyavuruga vibaya sana, hadi siku moja Limi akacheka. Dionisia alikisikia kicheko kile akiwa anamshona mtu kidole. Ilibidi asimame kidogo, ajifute macho kwa mkono wa koti.

Wiki ya pili homa ya mtoto ilitoweka. Vipele vikawa vyeusi, ngozi ikaanza kuchubuka. Limi akaomba ugali.

"Haambukizi tena," Dionisia alimwambia Johari. "Mchukue."

Johari alimkumbatia mwanawe, kisha akapiga magoti kumwelekea Asmaa, aliyekuwa ameegemea ukuta mwisho wa ukumbi.

"Usinisogelee, mwanangu," Asmaa alisema. "Sijaoga. Nenda nyumbani."

Macho yake yalikuwa mekundu. Moshi wa jiko, alisema. Mafua yalimkaba, sauti haitoki sawasawa.

"Kalale, mama," Dionisia alimwambia. "Ni uchovu huo. Hata mimi miguu siisikii."

Asmaa akarudi kwenye chumba kile kile, akajifungia.

Jioni hiyo barabara ilipopitika, alifika Kaimu, kaka yake Asmaa, suruali imelowa tope hadi magotini. Hakusalimia.

"Dada yangu yuko wapi? Nimeambiwa anauguza mtoto wa surua."

"Mtoto amepona, mzee, na dada yako amelala," Dionisia alisema, na kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze akatabasamu. "Usiwe na wasiwasi. Ametuambia aliugua utotoni, nyumba nzima."

Kaimu alimkazia macho.

"Nyumba nzima tuliugua, nesi. Yeye walimkimbiza Nachingwea kwa shangazi, asije akaipata."